Kumfikisha mgonjwa wa saratani kwa mabingwa: mwongozo kwa ndugu anayebeba faili, Moshi na Arusha

Familia nyingi zinazopanda hospitali ya KCMC, Moshi, na mgonjwa anayehisiwa kuwa na saratani huwa zinamtafuta mtu mmoja: daktari wa kansa. Zinategemea amwone mgonjwa, aandike dawa, watu warudi Rombo, Same au Ngaramtoni kusubiri nafuu. Siku ya kwanza inaisha wakiwa na karatasi tatu za vipimo na tarehe ya kurudi, na hapo wengine hukata tamaa. Baadhi hawarudi tena.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yule ndugu anayebeba faili: mtoto, mke, kaka au mama mdogo ambaye ndiye atakayeulizwa "daktari kasemaje?" kila akirudi nyumbani. Akielewa nani anafanya nini, na kwa nini jambo hili linatangulia lile, mgonjwa hapotezi wiki ambazo hakuna atakayemrudishia.

1. Anzia hospitali ya karibu, lakini usikwame hapo

Njia ya kawaida huanzia zahanati au kituo cha afya, hupita hospitali ya wilaya au ya mkoa (Mawenzi kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha), kisha hufika hospitali ya rufaa ya kanda. Kwa kaskazini hiyo ni KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo tangu 2016 ina kituo chake cha saratani. Kinachokuvusha ni barua ya rufaa. Idai, isome, hakikisha imetaja dalili zilianza lini na vipimo gani vimeshafanyika. Mgonjwa wa bima akifika bila barua hiyo anaweza kukwama dirishani kabla hata hajaonwa.

Wiki nyingi hupotea hapa mwanzoni. Mama ana uvimbe kwenye titi usiouma, na kwa kuwa hauumi, anauacha. Mwingine anatokwa damu baada ya tendo la ndoa, au hedhi ilishakoma miaka mingi halafu damu inarudi. Anadhani ni umri. Mzee anaamka mara sita usiku kukojoa kidogokidogo. Mtu ana kidonda mguuni kisichopona miezi mitatu. Mtoto mboni ya jicho inaonekana nyeupe, hasa kwenye picha ya simu. Kila moja kati ya hizi inaweza isiwe saratani, na mara nyingi siyo. Lakini kila moja inastahili kipimo.

Mtu akitibiwa mara mbili kwa tatizo lilelile na halijaisha, usikubali mzunguko wa tatu wa dawa zilezile. Mwulize daktari kwa heshima: "Inaweza kuwa nini kingine, na kipimo gani kitatuonyesha?" Kama kipimo hicho hakipo pale, omba rufaa siku hiyohiyo.

Kwa watu wa Kilimanjaro naomba nikae kidogo kwenye umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni. Saratani ya umio inaonekana sana katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na Tanzania, ukateremka hadi Malawi na kuendelea kusini. Huanza taratibu: nyama inakwama, baadaye ugali unahitaji maji kushuka, mwisho hata uji unapita kwa taabu. Nyumbani inaitwa vidonda vya tumbo, mgonjwa ananunua vidonge vya asidi dukani, na miezi inakwenda. Mtu mzima anayeanza kukwamwa na chakula anahitaji endoskopi, ile kamera inayopitishwa mdomoni, na anaihitaji mapema. Kuhusu chai: mwaka 2016 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliviweka vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Tatizo ni moto, chai yenyewe haina kosa. Iache ipoe dakika chache kabla ya kunywa, na wazoeshe watoto hivyo.

2. Jibu la kinyama ndilo linalofungua kila mlango

Isipokuwa katika hali chache sana, hakuna bingwa makini atakayeanza dawa za saratani kwa kuangalia uvimbe kwa macho. Anataka jibu la kinyama, yaani kipande kidogo kinachochukuliwa kwenye uvimbe kikapimwe maabara. Ukilielewa hili, umeelewa nusu ya safari nzima.

Kinyama huchukuliwa kwa njia tofauti kulingana na mahali. Kuna sindano nyembamba inayovuta chembe, kuna sindano nene inayotoa kipande chembamba kama uzi, kuna kisu kidogo, na kuna kile kinachochukuliwa kwa kamera ya endoskopi. Kipande kinaingia kwenye chupa ya dawa inayoitwa formalini ili kisioze. Maabara wanakigandisha kwenye nta, wanakikata vipande vyembamba sana, wanavipaka rangi, kisha mpatholojia anavitazama kwa hadubini. Mpatholojia ni daktari bingwa ambaye mgonjwa karibu hamwoni kamwe, lakini yeye ndiye anayetamka jina la ugonjwa.

Na jina lina uzito. Tezi zilizovimba shingoni zinaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, zinaweza kuwa limfoma, yaani saratani ya tezi. Kwa macho zinafanana. Dawa zake hazifanani hata kidogo. Kwenye titi, neno "saratani" peke yake halimtoshi bingwa. Anahitaji kujua kama chembe zile zina vipokezi vya homoni, na kama zina protini inayoitwa HER2 kwa wingi. Majibu hayo ndiyo yanayoamua kama mama huyu atanufaika na vidonge vya kuzuia homoni, au na sindano inayolenga HER2, au hakuna kati ya hivyo. Ndiyo maana jibu la kwanza likitoka unaweza kuambiwa usubiri kipimo cha nyongeza kutoka kinyama kilekile. Hawakuchezei, wanatafuta dawa inayomfaa mtu huyu.

Mambo ya kufanya wewe mwenyewe:

- Hakikisha jina la mgonjwa limeandikwa vilevile kwenye fomu, kwenye chupa na kwenye kadi ya bima. "Elizabeth Mushi" na "Elizabeti Moshi" ni watu wawili kwa kompyuta.
- Uliza namba ya maabara na tarehe ya kufuatilia jibu, uandike kwenye daftari.
- Acha namba ya simu inayopatikana. Simu ya mgonjwa mara nyingi huzimwa.
- Jibu likitoka omba nakala, na lipige picha. Karatasi hii itaombwa kila mahali, hata baada ya miaka mitano.
- Uvimbe ukitolewa kwa upasuaji hospitali yoyote, hata ndogo, omba upelekwe kupimwa. Wakikukabidhi chupa uipeleke maabara mwenyewe, ipeleke siku hiyo.

Utasikia watu wakisema kisu kinaamsha kansa, kwamba mgonjwa alikuwa mzima mpaka alipoguswa. Kinachotokea ni kwamba wengi wanafika kukatwa kinyama ugonjwa ukiwa umeshasambaa, wakazidiwa baada ya hapo, na lawama ikaangukia kisu. Kuchelewa ndiko kulikowadhuru.

3. Baada ya jina, swali ni ugonjwa umefika wapi

Hapa ndipo zinapokuja karatasi za eksirei ya kifua, altrasaundi ya tumbo, CT, wakati mwingine MRI (mashine zinazopiga picha za ndani ya mwili), pamoja na vipimo vya damu, figo na ini. Mgonjwa hulalamika: "Nimeshapimwa, kwa nini tena?" Kinyama kimesema ni nini, picha zinasema kiko wapi. Madaktari wanaupa ugonjwa hatua kuanzia ya 1, ambapo uko pale ulipoanzia, mpaka ya 4, ambapo umehamia viungo vya mbali kama ini, mapafu au mifupa. Saratani za damu zina mpangilio wake mwingine, kwa hiyo usishangae usiposikia namba.

Kipimo cha VVU kitafanyika pia. Baadhi ya saratani, kama ya mlango wa kizazi, Kaposi (inayoonekana sana kwenye ngozi) na limfoma kadhaa, huwapata zaidi wanaoishi na VVU, na bingwa anahitaji kujua ili apange dawa zisigongane. Mgonjwa anayetumia ARV anatibiwa saratani kama wengine. Aseme wazi, na asiziache.

4. Nani ni nani

Daktari bingwa wa upasuaji anaondoa uvimbe pale unapoweza kuondoka wote, au anafungua njia iliyoziba. Daktari bingwa wa saratani, yaani onkolojia, anapanga dawa na mionzi. Hapa Tanzania wengi wao wamesomea vyote viwili, ndiyo maana mtu mmoja anaweza kukuandikia dripu ya dawa leo na kukupangia mionzi kesho. Saratani za kizazi huwahusu pia mabingwa wa magonjwa ya wanawake, za damu mabingwa wa damu, za watoto mabingwa wa watoto. Saratani ya mtoto haitibiwi kwa kupunguza dozi ya mtu mzima.

Halafu kuna wale ambao majina yao hayatajwi nyumbani. Mfamasia anayechanganya dawa ndani ya kabati maalumu la hewa, kwa sababu dawa hizi zina sumu hata kwa anayezishika. Mwanafizikia tiba anayekokotoa mionzi ifike wapi na kwa kiasi gani. Mtaalamu wa radiolojia anayesoma picha. Muuguzi wa saratani, ambaye kwa maoni yangu ndiye mtu wa kumjua kwa jina kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye atakayepokea simu yako mgonjwa akianza kutapika usiku. Wapo watu wa tiba shufaa, yaani wanaotuliza maumivu na mateso ya mgonjwa. Na kuna afisa wa ustawi wa jamii, ambaye nitamrudia.

Hospitali kubwa huwa na kikao ambapo mabingwa wa upasuaji, dawa, patholojia na picha hukaa pamoja na kujadili mgonjwa mmoja mmoja. Ukiambiwa "kesi yake itapelekwa kwenye kikao", subiri kwa moyo mkunjufu. Mpangilio una maana kubwa. Titi lenye uvimbe mkubwa mara nyingi huanza na dawa ili uvimbe usinyae, kisha kisu. Akianza na kisu mahali ambapo hawana kikao, anaweza kubaki na mabaki ambayo ni vigumu kuyafuata.

5. Uliza lengo kabla ya dripu ya kwanza

Haya ndiyo mazungumzo yanayorukwa kuliko yote, na ndiyo ningetamani kila familia iyafanye. Matibabu ya saratani yana malengo matatu: kuponya, kuuzuia ugonjwa usisonge ili mtu aishi miezi au miaka zaidi akiwa na nguvu, au kupunguza maumivu na mateso. Dawa ileile inaweza kutumika kwa lengo lolote. Usipouliza, utauza ng'ombe na shamba la kahawa ukidhani unanunua kupona, kumbe daktari alikuwa anapigania pumzi nyepesi.

Ingieni ofisini wawili: mgonjwa na mtu mmoja anayeandika. Waulizeni hivi, kwa maneno yenu: Ugonjwa unaitwaje, uko hatua ya ngapi? Lengo la matibabu haya ni lipi? Yatachukua muda gani, mara ngapi kwa mwezi? Madhara gani ni ya kawaida, na yapi ya kukimbilia hospitali? Tusipotibu, nini kitatokea? Gharama ipi bima inalipa na ipi hailipi? Kwa mwanamke au kijana anayetaka kuzaa bado: dawa hizi zitagusa uzazi?

Familia zetu zina desturi ya kumficha mgonjwa, hasa mzee. "Msimwambie mama, atakufa kwa presha." Naielewa huruma iliyomo. Lakini mgonjwa anayefichwa hawezi kuvumilia dawa ngumu asiyojua ni ya nini, na mara nyingi ameshajua, anawaficha ninyi. Muulizeni yeye kwanza: "Mama, unataka daktari akueleze wewe, au atueleze sisi?" Jibu lake liheshimiwe.

6. Dawa za saratani zinavyokwenda

Watu husema kemo, au "kuchomwa dawa". Dawa hizi hushambulia chembe zinazogawanyika haraka. Saratani hugawanyika haraka, lakini pia vinyweleo, utando wa mdomo na utumbo, na uboho unaotengeneza damu. Ndiyo asili ya nywele kunyonyoka, vidonda mdomoni, kuharisha na upungufu wa damu. Nywele huanza kutoka wiki ya pili au ya tatu, na huota tena matibabu yakiisha. Dozi hupimwa kwa urefu na uzito wa mgonjwa, kwa hiyo mgonjwa akikonda sana mwambieni daktari, asitumie hesabu ya mwezi uliopita.

Dawa hutolewa kwa mizunguko, mara nyingi kila baada ya wiki tatu, ili chembe nzima za mwili zipate nafasi ya kujirudisha. Kabla ya kila mzunguko damu hupimwa. Ikiwa chini, dawa inaahirishwa. Nimeona watu wakikasirika sana hapa: wametoka Karatu kwa basi la alfajiri, wanaambiwa rudi wiki ijayo. Hasira hiyo naielewa, lakini kumpa dawa mtu ambaye chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, zimekwisha ni kumweka hatarini. Fanyeni hivi: ulizeni kama kipimo cha damu kinaweza kufanyika hospitali ya karibu siku moja au mbili kabla, mpige simu na majibu ndipo msafiri.

Kuna dawa nyekundu, doksorubisini, inayobadilisha mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja hadi mbili. Hiyo siyo damu. Dawa yoyote inapoingia, mgonjwa akihisi moto au maumivu pale sindano ilipo, aseme papo hapo bila kuona aibu. Baadhi zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Nyumbani, anayesafisha matapishi au mkojo kwa siku mbili za kwanza avae glavu. Kula naye, kumkumbatia, kulala chumba kimoja, hakuna shida yoyote. Saratani haiambukizwi kwa kugusana wala kwa sahani. Dawa ya kuzuia kichefuchefu inywewe kwa saa yake hata kama hajisikii vibaya. Chakula kidogo mara nyingi: mtori, uji wa ulezi, mayai yaliyoiva vizuri, maziwa yaliyochemshwa, ndizi. Mtori unasaidia sana anayeumwa mdomo au anayemeza kwa shida, mradi upoe. Matunda yaoshwe na kumenywa. Juisi ya bitiruti au rozela inywewe kama chakula. Haipandishi chembe nyeupe, kwa hiyo isimcheleweshe mtu kwenda kupimwa.

Kuna pia vidonge vya homoni, kama tamoksifeni kwa saratani ya titi yenye vipokezi, vinavyomezwa miaka mitano hadi kumi. Wengi huviacha baada ya mwaka kwa kuwa wanajisikia wazima. Vinalinda kwa sababu vinamezwa.

7. Homa ni dharura

Hii isome mara mbili, umsomee na kila anayeishi na mgonjwa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembe nyeupe hushuka kabisa. Mtu hana askari mwilini. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi, msisubiri kuche. Msimpe panadoli mkaangalia, kwa sababu panadoli inashusha joto na kuficha maambukizi yanayoendelea. Mpelekeni hospitali iliyo karibu zaidi, hata kama siyo ile anayotibiwa, na maneno ya kwanza mapokezi yawe haya: "Mgonjwa huyu alichomwa dawa za saratani tarehe fulani, sasa ana homa." Anahitaji antibayotiki za mshipa haraka, ndani ya saa moja kama inawezekana. Andikeni majina ya dawa zake kwenye kadi na kuiweka ndani ya kava la simu. Nunueni kipimajoto, kuweka kiganja kwenye paji la uso hakutoshi.

8. Mionzi

Mionzi hupigwa mahali palepale penye ugonjwa. Kabla ya siku ya kwanza hufanyika picha ya kupanga na ngozi huwekwa alama. Alama hizo zisisuguliwe zikafutika. Kila siku mgonjwa hulala mezani dakika chache, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Hahisi kitu wakati mashine inafanya kazi. Uchovu na ngozi kuungua huja polepole baadaye. Mtu aliyepigwa mionzi kwa mashine ya nje hatoki na mionzi mwilini. Anaweza kumbeba mjukuu wake jioni ileile.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyozidi hatua za mwanzo, mionzi ndiyo tiba kuu, na ina sehemu mbili: ya nje, kwa takribani wiki tano pamoja na dawa ya kusindikiza mara moja kwa wiki, kisha ya ndani, ambapo chanzo cha mionzi huingizwa kwa muda mfupi karibu kabisa na uvimbe. Yote yanatakiwa yamalizike ndani ya wiki 8. Kukatisha katikati kwa sababu ya msiba, mavuno au nauli kunapunguza uwezekano wa kupona, kwa hiyo familia ipange mapema nani atabaki na watoto. Na damu isishuke, maana mionzi hufanya kazi vizuri zaidi mgonjwa akiwa na damu ya kutosha.

Kwa miaka mingi wagonjwa wa kaskazini wamesafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, taasisi ya taifa ya saratani. Bugando ya Mwanza nayo hutoa mionzi. Ukipewa rufaa ya mionzi, kabla ya kupanda basi thibitisha kwa simu tarehe ya kuanza, mahali pa kulala kwa wiki zote, na karatasi: jibu la kinyama, CD au filamu za picha, muhtasari wa dawa alizopata.

9. Maumivu yatibiwe tangu siku ya kwanza

Watu wakisikia tiba shufaa wanadhani wameambiwa waende nyumbani kufa. Tiba shufaa inaweza kuanza siku moja na dripu ya kwanza. Kazi yake ni maumivu, kupumua kwa shida, kichefuchefu, usingizi, hofu, na mzigo wa anayeuguza. Arusha, Selian imekuwa na huduma ya hospisi inayofuata wagonjwa majumbani kwa miaka mingi. Moshi, waulize wauguzi wa KCMC wakuunganishe.

Dawa kubwa ya maumivu makali ya saratani ni mofini ya maji, ya kunywa. Inanywewa kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kusubiri maumivu yarudi. Siku mbili tatu za kwanza italeta usingizi, huo hupungua. Itafunga choo, na hilo halipungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze nayo pamoja. Hofu ya ulevi ndiyo inayowafanya ndugu wampe mgonjwa nusu ya dozi kwa siri. Mtu mwenye maumivu ya saratani akipewa mofini kwa vipimo sahihi hafupishiwi maisha. Anapata kulala, kula, na kuongea na watoto wake. Dozi isipotosha, rudini ipandishwe. Chupa ifungiwe mbali na watoto.

10. Mitishamba na maombi

Mwaka 2011 maelfu ya watu walipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, na wengi wao waliacha dawa za hospitali. Tunaoishi huku tunawafahamu baadhi ya walioondoka hivyo. Siwalaumu, mtu anayeumwa hutafuta mlango wowote. Ninachoomba ni kimoja: mwambie daktari kila kinachonywewa, jina la mti na kiasi. Baadhi ya mitishamba huumiza ini au figo, na dawa za saratani hupita palepale. Maombi hayapingani na dripu. Mchungaji au shehe anayemwombea mgonjwa anaweza pia kumhimiza asikose tarehe. Anayekuahidi kuponya kwa sharti la kuacha hospitali, muage.

11. Pesa na faili

Gharama huvunja familia kabla ya ugonjwa. Siku ya kwanza kabisa, kabla pesa haijaisha, nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ueleze hali ilivyo. Nenda na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Wenye bima waulize dawa gani zinahitaji kibali kwanza, kwa sababu kibali kinaweza kuchukua siku na mzunguko ukapita. Ukoo ukichanga, mtu mmoja ashike hesabu na aoneshe risiti. Ugomvi wa michango umewafanya wagonjwa kukosa dozi.

Faili la nyumbani liwe bahasha moja ngumu, isiyogawanywa kati ya ndugu.

12. Dripu ya mwisho ikiisha

Kliniki zinaendelea, mwanzoni kila miezi michache. Maumivu mapya ya mgongo yasiyotulia, kikohozi kisichoisha, uvimbe mpya au miguu kufa ganzi visisubiri tarehe. Miguu ikilegea ghafla na mkojo ukagoma, mpelekeni siku hiyohiyo: uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na kila saa ina thamani.

Waangalieni pia walio wazima ndani ya nyumba. Mabinti wa miaka 9 hadi 14 wanapata bure chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kilimanjaro ilitangulia kwa majaribio mwaka 2014, nchi nzima ikafuata 2018, na tangu 2024 inatosha dozi moja. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 waende kupimwa mlango wa kizazi: muuguzi anapaka siki, anaangalia kama kuna weupe, na palipo na mabadiliko ya awali mara nyingi hutibiwa hapohapo. Ndugu mwenye ualbino apate mafuta ya kujikinga na jua. Yapo yanayotengenezwa hapahapa Moshi, yanaitwa Kilisun, na kliniki ya ngozi itamwelekeza namna ya kuyapata.

Ukimsindikiza shangazi kliniki wiki ijayo, beba na kadi ya yule binti wa darasa la nne, uulize dirisha la chanjo liko wapi.